NYUZI 40 SIO UBINGWA! MASTAA ACHENI KUCHEKA JOTO LA WAZUNGU, NA SISI TUNAIVA TARATIBU

Wadau wangu wa nguvu, leo sina umbea wa nani kaachana na nani wala nani kanunua ndinga ya mkopo. Leo nina neno na nyie mastaa, wachekeshaji, na nyie mabingwa wa kuposti mnaojijua wenyewe. Majina siyataji. Mkijisoma humu ndani, kaeni nalo.

Kila mwaka ikifika mwezi wa sita au wa saba, Ulaya jua likiwaka, mitandao ya Bongo inageuka ukumbi wa vichekesho. Wazungu wamejaa kwenye chemchemi za mjini na nguo zao, mzee kakaa bustanini kajifunika gazeti kichwani, treni zimesimama. Sisi huku tunashusha vikaragosi vya kucheka mpaka machozi. "Hilo nalo joto?" "Waje Dar wapike chapati!" "Nyuzi 40 kwetu ni asubuhi tu hiyo!" Kuna staa mmoja, mkubwa tu, ana wafuasi wa kutosha kujaza Uwanja wa Mkapa mara kadhaa, hilo ndo gemu lake la kila kiangazi cha wenzetu. Anapata kiki, anapata laiki, maisha yanaendelea.

Mimi nipo hapa Mapinga, barabara ya Bagamoyo, chini ya bati, feni inazungusha upepo wa moto. Na nasema hivi: huo utani ni uongo, ni roho mbaya, na mbaya zaidi unatuua sisi wenyewe. Twende taratibu, nitakuonyesha moja baada ya jingine.

UONGO KWANZA

Tarehe 19 Julai 2022, kijiji cha Coningsby, Lincolnshire, Uingereza, kipimo kilisoma nyuzi 40.3. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi hiyo kuvuka 40 tangu waanze kupima. Rekodi ya nyuma yake ilikuwa 38.7, ya Julai 2019 pale Cambridge.

Sasa wewe unayesema nyuzi 40 Dar ni kawaida, niambie ni lini. Miezi tunayolia sana pwani hii ni Januari, Februari na Machi, na wastani wa joto la mchana Dar miezi hiyo ni kama nyuzi 32. Ikigonga 35 inakuwa habari ya mjini, kila mtu anapiga picha simu yake na kuiweka status. Sisi tupo kando ya bahari, upepo wa kaskazi na kusi ndio unatulea. Nyuzi 40 sio joto la Mapinga wala Kariakoo. Ukitaka joto hilo nenda Khartoum, nenda Juba, nenda Maskati. Yaani mtu anajisifia kushinda mechi ambayo hajawahi hata kuingia uwanjani.

Najua kuna mjuaji atakuja mbio: "Joto letu lina unyevu, hilo ndo baya zaidi." Uko sahihi kabisa mdau, na nakupongeza kwa kukaa macho darasani. Mwili wa binadamu unajipoza kwa jasho kukauka. Hewa ikishiba maji, jasho halikauki, linatiririka tu mgongoni bila kazi. Ndo maana nyuzi 32 za pwani zenye unyevu mwili unazihisi kama zinakaribia 40. Lakini hebu sikiliza ulichokisema. Umesema joto letu ni la hatari. Kitu cha hatari mtu anakiogopa na kujikinga nacho, hakiweki kifuani kama medali. Hapo umenisaidia mimi, hujamsaidia staa wako.

KITANDA USICHOKILALIA

Tuseme basi hujali namba. Tuongee nyumba.

Nyumba nyingi za Uingereza zimejengwa kupambana na baridi. Ukuta wa matofali, madirisha ya kuzuia upepo, kapeti mlango hadi mlango, vitu vilivyojazwa ndani ya kuta na juu ya dari ili joto lisitoke. Miezi ya baridi hiyo ni neema. Siku ya nyuzi 40 hiyo nyumba ni chupa ya chai. Joto likiingia limeingia. Na AC majumbani ni chache mno, kwa sababu kwa miaka yote hawakuwa na shida nayo.

Halafu kuna jua lenyewe. Huku kwetu jua linatoka saa kumi na mbili, linazama saa kumi na mbili na ushee, mwaka mzima ni hivyo hivyo. London katikati ya Julai jua linachomoza kama saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa tatu usiku. Saa kumi na sita za jua! Wewe hapa saa moja usiku umekaa barazani unakula upepo wa bahari, yeye muda huo jua bado liko dirishani kwake.

Na mwili nao una mazoea. Mtu akihamia kwenye joto, mwili wake unahitaji kama wiki moja mpaka mbili ujifunze kutoa jasho vizuri na kupanga damu upya. Joto la Julai 2022 halikuwapa wiki mbili. Lilikuja kwa siku chache, likapiga, likaondoka.

Unabisha kuhusu mazoea? Njoo Mapinga mwezi wa saba asubuhi, kipupwe kikiwa kimekolea, nyuzi 20 tu. Bodaboda wote wamevaa majaketi mazito kama wanaenda kupanda Kilimanjaro, kofia za sufu hadi kwenye nyusi, mama wa vitumbua kajifunga khanga tatu na sweta juu. Mzungu wa Lincolnshire akiona hivyo, na yeye siku hiyo anatembea na singlendi kwake kwa nyuzi hizo hizo 20, atucheke? Akituita wadhaifu tutafurahi? Tutasema ni ubaguzi, na tutakuwa na haki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sheria hiyo haiwezi kufanya kazi upande mmoja tu.

ROHO MBAYA SASA

Wakati klipu za utani zinapaa, kule mambo yalikuwa hivi. Uwanja wa ndege wa Luton ulisimamisha ndege kwa sababu sehemu ya njia ya kurukia iliharibika kwa joto. Reli zilipinda. Kijiji cha Wennington, mashariki kabisa mwa London, moto wa nyasi ukaruka mpaka kwenye nyumba za watu, zikateketea. Zimamoto ya London ilitajwa kuwa na siku yenye kazi nyingi kuliko zote tangu Vita ya Pili ya Dunia. Kiangazi hicho kilipoisha, mamlaka ya afya ya England ilikadiria kwamba vipindi vya joto viliondoka na zaidi ya watu 2,800 wenye miaka 65 na kuendelea. Ulaya nzima, watafiti walikadiria vifo zaidi ya 60,000 kwa kiangazi hicho kimoja.

Elfu sitini mdau. Ule Uwanja wa Mkapa uliojaa mpaka kiti cha mwisho, wote, wakashindwa kurudi nyumbani.

Na hawa sio wale unaowaona kwenye chemchemi wanacheka. Wanaokufa hawaposti. Ni bibi wa miaka 80 anayekaa peke yake ghorofa ya tano, madirisha yamefungwa, hana wa kumletea glasi ya maji. Sisi tunaojisifia kuheshimu wazee, tunaosema shikamoo mpaka kwa mtu aliyetuzidi miaka mitano, ndo tunamcheka bibi wa watu?

Halafu unajua nani anamhudumia huyo bibi? Mara nyingi ni dada yako. Ni shangazi yake fulani aliyeondoka na viza ya kazi ya kulea wazee. Ni nesi kutoka Kenya, ni binti wa Tanga, ni kaka wa Unguja anayeendesha teksi. Watu wetu wapo Reading, wapo Leicester, wapo London, wanaishi kwenye hivyo hivyo vyumba vya chupa ya chai, tena vile vya bei rahisi chini ya paa. Wakati staa wetu anaposti utani wake, yule dada yuko zamu ya saa kumi na mbili anambadilisha mgonjwa shuka, jasho linamtoka, na mwisho wa mwezi ndiye anayetuma ada ya mdogo wake huku. Mnamcheka nani hasa?

"ACHA WAKOME, WAO NDO WALIOHARIBU"

Hii ndo kambi ya pili, na nakiri ina hoja ya kusikilizwa. Wanasema: viwanda vyao, makaa yao ya mawe, mafuta yao, kwa miaka zaidi ya 200 wameujaza moshi huu mbingu nzima. Sisi tuna mkaa wa gunia na pikipiki. Sasa moto umewarudia, waache waungue.

Kwamba wao ndio walioanza na ndio waliochafua zaidi, hilo halina ubishi. Wanasayansi waliolichambua joto la Julai 2022 la Uingereza walisema bila uchafuzi wa binadamu lingekuwa adimu sana, uwezekano wake umeongezeka angalau mara kumi. Hasira ni halali. Mi mwenyewe ninayo.

Ila hasira nayo ina anwani. Anwani yake ni kampuni za mafuta, ni serikali zinazoahidi fedha kwenye mikutano halafu zinatoa kwa kijiko. Bibi wa ghorofa ya tano hana kisima cha mafuta. Na moto huu hauchagui rangi: unaanza kumchoma mwenye uwezo mdogo wa kujikinga. Uingereza ikiungua, kesho wananunua AC, wanabadilisha sheria za ujenzi, wanakopa. Mapinga ikiungua tunanunua nini? Barafu ya shilingi mia mbili? Ukisema "acha dunia iungue ili Mzungu akome", wewe ndo umekaa karibu na jiko. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wewe kichwa kimeshalowa jasho, bado unamcheka kinyozi.

SASA TUJE KWETU

Hapa ndo nilipotaka kufika toka mwanzo, na hapa sitaki mtu aruke mistari.

Kwa nini tunajua kwamba Uingereza walikufa watu zaidi ya 2,800? Kwa sababu walihesabu. Kwa nini Ufaransa wanajua kwamba kiangazi cha 2003 kiliwaondolea kama watu 15,000? Kwa sababu walihesabu, wakaona aibu, nchi ikatikisika. Mwaka 2004 wakaweka mpango wa tahadhari ya joto, na wakatunga sheria ya siku moja ya kazi kwa mwaka ambayo fedha zake zinakwenda kuwahudumia wazee na walemavu. Aibu ikazaa kitu.

Sasa shika hii. Mwaka 2020 watafiti wawili, Luke Harrington na Friederike Otto, walifungua kanzidata kubwa ya dunia ya majanga. Afrika yote kusini mwa Sahara, tangu mwaka 1900, ilikuwa imeandikiwa mawimbi ya joto mawili tu, na vifo 71. Miaka zaidi ya mia moja! Vifo sabini na moja! Wakati Ulaya kwa miaka 40 tu walikuwa wameandika mawimbi 83 na vifo zaidi ya 140,000.

Unaamini hiyo? Kwamba kuanzia Dakar mpaka Durban, joto limeua watu wanaojaa mabasi mawili kwa karne nzima? Staa wetu ataichukua hiyo namba aseme, "Si mmeona, Mwafrika chuma." Hapana kaka. Mwafrika anakufa na joto kama binadamu yeyote, ila cheti chake kinaandikwa kitu kingine. Mzee alikuwa na presha, jua la Februari likammalizia, tunasema presha. Mtoto mchanga kalala chini ya bati mchana kutwa, homa, degedege, tunasema ni homa tu. Kijana mzima kadondoka saiti saa nane mchana, kesho yake mtaa mzima unanong'ona: kuna mkono wa mtu hapo. Tunamtafuta mchawi, mchawi yuko juu angani kila siku saa sita mchana.

Ndo maana nasema utani huu unatuua. Kila tunaposema "sisi tumezoea", tunafunga faili. Aliyezoea haulizi. Aliyezoea hahesabiwi. Bosi wa saiti anapenda sana neno "wamezoea". Mwenye nyumba anapenda sana hilo neno. Halafu wewe staa unamsaidia kulieneza, bure kabisa, tena kwa bando lako.

WALIOZOEA KWELI WANAFANYAJE?

Nenda Omani, ambako ndugu zetu wengi wa pwani wana shangazi na binamu. Huko ndo kwenye joto la ukweli. Tarehe 26 Juni 2018, mji wa Quriyat, joto la chini kabisa kwa siku nzima, usiku ukiwemo, lilikuwa nyuzi 42.6. Yaani saa ile unayotegemea kupata ubaridi ndo lilikuwa hivyo. Watu hao wangeweza kujisifia kuliko wote. Badala yake wana sheria: Juni hadi Agosti, kazi za juani zinasimama kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu. Wenye joto kweli hawalifanyii utani, wanalifungia saa.

Nenda Sudan Kusini, wanachama wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Machi 2024 walifunga shule zote kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 wakafunga tena, baada ya wanafunzi kuzimia Juba. Weusi kama sisi, wamezaliwa kwenye jua, na bado watoto walianguka. Hiyo "Mwafrika chuma" iko wapi?

Nenda Makka. Hija ya Juni 2024 joto lilipita nyuzi 50, na Saudia wenyewe walitangaza mahujaji 1,301 wamefariki. Wengi wao walikuwa wale wasio na vibali rasmi, maana yake waliokosa mahema ya ubaridi na mabasi. Umeona joto linavyochagua? Halikuangalia nani katoka nchi ya baridi. Liliangalia nani hana kivuli.

Na kwa kuwa humu ni nyumbani kwa burudani, nisikuache bila hii. Novemba 2023, Rio de Janeiro, shoo ya Taylor Swift. Shabiki wa miaka 23 alianguka mbele ya jukwaa na kufariki. Brazil, nchi ya joto, watu waliozoea! Mashabiki walilalamika kuzuiwa kuingia na maji yao, na serikali ikaja kuagiza maji yaruhusiwe. Sasa nyie mapromota wetu mnaokagua mikoba getini mkinyang'anya watu chupa za maji ili wakanunue ndani kwa bei ya kuruka, mnasubiri nini mpaka mbadilike?

MAPINGA NA BARABARA HII

Tuangalie tulivyojipanga wenyewe kupikwa.

Zamani kidogo upande huu, Mapinga, Kerege mpaka Zinga, ilikuwa mikorosho, miembe na minazi. Sasa ni viwanja. Mtu akinunua kiwanja cha kwanza anachofanya ni kuleta greda na kung'oa kila kilicho hai. Anapiga ukuta mrefu upepo usipite, anamwaga pevingi kila mahali, nyumba anapaua bati, dari "nitaweka baadaye". Baadaye yenyewe miaka sita. Dirisha anaweka alumini la kuteleza, ambalo likifunguka lote limefunguka nusu. Halafu anashangaa kwa nini ndani kuna joto kuliko nje.

Nenda Bagamoyo pale Mji Mkongwe, kilomita chache tu kutoka hapa. Tazama nyumba za wazee: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari iko juu, baraza mbele ya kukalia jioni. Wale hawakuwa na feni wala luku. Walijua wanaishi wapi. Mtu wa makuti anajua kuwa makuti ni baridi kuliko bati, sisi tumeyakimbia kwa sababu yanaonekana ya kimaskini kwenye picha. Sawa, makuti yana moto na yanavuja, sikulazimishi. Lakini dari je? Mwembe mmoja upande wa magharibi je? Huo nao ni umaskini?

Na watu wanaobeba jua letu ni akina nani? Saidia fundi anayepandisha zege saa saba mchana. Akina mama wanaoponda kokoto Kunduchi. Mama lishe aliyekaa kati ya jiko la mkaa na bati la kibanda, moto chini, moto juu. Bodaboda anayesubiri abiria kwenye kijiwe kisicho na hata mti. Mtumishi wa barabara anayemwaga lami ya moto juani. Ni msimamizi gani uliyewahi kumsikia anasema, "Jamani, jua kali, kaeni kivulini saa mbili, hela yenu ipo palepale"? Mtaje tumpe tuzo humu humu.

Hata baharini kumenuka. Akina mama wa mwani, Mlingotini hapo na Unguja, watakwambia mwani ule wenye bei nzuri unakufa maji yakipata joto sana, wanabaki na ule wa bei ya chini. Hiyo ni ada ya shule ya watoto inayeyuka kwenye maji. Nao tuwaambie wamezoea?

KWAKO STAA

Nirudi kwako wewe mwenye wafuasi. Najua unapoishi, sio kwa jina la mtaa, ila kwa picha zako mwenyewe. AC sebuleni, AC chumbani, AC kwenye gari, AC studio. Kutoka geti mpaka gari ni hatua kumi. Umeme ukikatika jenereta linawaka kabla hujamaliza kusema "dah". Wewe na joto la Dar mnasikiana kwa wajumbe. Halafu wewe ndo unajifanya msemaji wa watu wa jua? Unajisifia kwa jasho la saidia fundi?

Ukweli ni kwamba kwa maisha yako wewe unafanana na Mzungu wa London kuliko unavyofanana na mama lishe wa Mapinga. Siku jenereta likizingua ndo tutakuona kwenye chemchemi.

Sikwambii usitanie. Bongo bila utani ni kesi. Tania mwanasiasa wao anayesema hakuna tatizo huku kaloa shati. Tania kampuni ya mafuta. Tania hata joto lenyewe, sisi hapa tunalitania kila siku ili tulale. Ila ukitaka kuonyesha kweli unajua joto, tumia hayo majukwaa yako kusema vitu hivi:

Kwamba mtu akianza kizunguzungu, kichwa kinagonga, kichefuchefu, maongezi hayaeleweki, ngozi ya moto, huyo sio mlevi na hajapandisha maruhani. Kapigwa na joto. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mlowanishe maji mwilini, mpepee, mwekee vitambaa vya maji shingoni na makwapani. Kama anajitambua mpe maji taratibu. Kama hajitambui usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.

Kwamba mzee na mtoto mchanga wasiachwe mchana kutwa kwenye chumba cha bati kisicho na dari.

Kwamba shoo zako wewe, mkataba wako wewe, uandikwe: maji ya bure getini, na kivuli. Una nguvu ya kudai gari la kifahari likupokee Airport, una nguvu ya kudai pipa la maji kwa mashabiki wako.

Kwamba saiti unayojenga lile jumba lako, mafundi wapumzike jua likiwa utosini. Anzia hapo hapo kwako, hauhitaji kibali cha mtu.

Uingereza nao hawajamaliza. Kiangazi cha 2025 ndicho kilichokuwa cha joto kuliko vyote kwao tangu rekodi yao ya nchi nzima ianze 1884. Maana yake mwakani klipu zitakuja tena, na staa wetu atakuwa kidole kiko tayari kwenye simu. Kabla hujabonyeza, toka nje saa saba mchana, zima hiyo AC, simama na saidia fundi wako nusu saa tu. Ukirudi ndani ukiwa bado unacheka, posti.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Bodaboda, mafundi, mama lishe, na nyie mlioko Leicester na Maskati, shusheni ya kwenu hapo chini: jua limewafanya nini, na bosi alisemaje? Na kama kuna mtu wenu alidondoka juani mkaambiwa ni presha au ni mkono wa mtu, andikeni na hilo pia. Wenzetu walianza kwa kuhesabu. Na sisi tuanze.